Waliomo Ndani ya Kiungo cha Saba

Jumanne saa tatu asubuhi, mpiga eksirei wa kiwanda alifunga filamu kwenye kiungo cha saba cha bomba kuu la mvuke, akawaondoa watu wote, akaenda nyuma ya ukuta kuhesabu sekunde arobaini. Alipoisafisha filamu na kuitundika kwenye taa, aliona ufa mwembamba kama unywele. Ndani ya ufa alikuwemo mjomba wake.

Mjomba alikuwa fundi wa kuchomelea na alifariki mwaka juzi. Kiungo hicho alikichomelea yeye, chuma kikiwa na unyevu, maana mkuu wa ukaguzi alitaka mvuke upite kabla ya Jumatatu. Aliomba akikate akirudie; akaambiwa asilete maneno. Sasa alikuwa amekaza mgongo upande mmoja wa ufa na miguu upande wa pili, akiuzuia usipanuke. Alikuwa amekonda. Mpwa wake alimwonea huruma, kisha akaupima ufa kwa rula.

Mkuu aliitazama picha kwa muda mrefu. Akasema fomu ina visanduku vitatu tu: ufa unaopanuka, tundu, na uchafu. Huu haupanuki, na mjomba wa mtu hana kisanduku. Akagonga muhuri.

Kilichomnyima raha mpiga eksirei ni kwamba chini ya kiungo hicho ndipo alipokaa mdogo wake, Kitinda, akisoma geji za boila zamu ya mchana. Jioni, mama yao akisikiliza, dada huyo alimsihi mdogo wake aache kazi hiyo. Kitinda aliuliza mjomba anaonekanaje.

"Amechoka," dada yake akasema. "Magoti yanamtetemeka. Picha imetoka na ukungu hapo."

Mama akasema kaka yake tangu utotoni hajui kuomba msaada. Kitinda alimaliza kula, akanawa, akaenda kulala.

Alhamisi mchana bomba lilianza kupiga mluzi. Mpiga eksirei alikimbia, roho mkononi, na kabla hajafika mluzi ukakatika. Chini ya kiungo cha saba kulikuwa na viatu vya Kitinda, vimepangwa vizuri, na soksi ndani yake. Akafunga filamu. Hesabu ilimpotea kwenye thelathini, ikabidi aanze upya.

Kwenye picha walikuwa bega kwa bega. Kitinda alikuwa peku, mashavu yamevimba kwa kusukuma. Mjomba alikuwa amepata nafasi ya kunyoosha goti moja.

Aliipeleka picha kwa mkuu huku akilia.

"Mdogo wangu yumo humo, bosi. Zima boila tumtoe."

Mkuu aliuliza wakizima boila kiwanda kitaendeshwa na nini. Akavaa miwani, akapima ufa mara mbili.

"Umepungua," akasema. "Sasa wako wawili."

Akaandika kwamba kiungo kimeimarishwa. Ukaguzi uliokuwa ufanyike kila mwezi akausogeza hadi mwaka ujao. Kisha akauliza nani atasoma geji zamu ya mchana.