Neno Juu ya Kifaru

Jumanne, tarehe 18 Novemba 2025. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala bondeni, na umande ulikuwa umeganda juu ya nyasi za mbele ya nyumba ya Verlon Askew, nyeupe kama chumvi.

Verlon alisimama barazani ameshika mfuko wa chakula cha mchana, akingoja taa za gari la Tully Grissom zitokeze kwenye kona. Alikuwa ametoka mapema kuliko ilivyohitajika. Tangu alipomzika mkewe, Nadine, mwezi wa Machi, nyumba ile ilikuwa kama inamsukuma nje kila kunapopambazuka. Waliompigia simu walikuwa wawili tu: Tully, na mashine ya duka la dawa, ambayo bado ilimkumbusha Nadine akachukue vidonge vyake. Verlon hakuwa amewaambia waache. Aliisikiliza sauti ile mpaka mwisho, kisha akasema asante, akakata.

Tully alisimamisha gari, akamfungulia mlango kutoka ndani.

"Panda, mzee, usije ukaganda hapo nikakubandua kwa sururu. Umebeba nini leo?"

"Nyama ya kopo."

"Mungu akusamehe. Shika, Jolene kakutilia mkate wa soseji. Kula upesi, nimeuangalia njia nzima na mimi si malaika."

Verlon akaula mkate wa Jolene, mke wa Tully, wakashuka kuelekea Coker Hollow, kwenye kiwanda cha kukarabati vifaru, wakiongea habari za paa wa mwituni na msimu wa kuwinda uliokuwa unafunguliwa Jumamosi. Au tuseme Tully aliongea, na Verlon alisikiliza. Ilimtosha. Baada ya mazishi, watu wa kanisani walileta mabakuli ya chakula, wakamshika mkono, wakarudi kwenye maisha yao. Tully hakuleta chochote. Aliingia jikoni, akaosha vyombo vyote bila kusema neno, akamwambia kesho nitakupitia. Nyumba ya Verlon haikuwa njiani kwake, ila tangu siku ile hakuacha kupita.

Kiwandani, vifaru vilikuja vimechoka kutoka kwenye kambi za jeshi, vikavuliwa kila kitu mpaka kikabaki chuma kitupu, kisha vikajengwa upya. Havikurudi vilivyokuwa. Kila mara jeshi liliongeza kitu: macho mapya yanayoona joto la mtu gizani, jenereta ndogo ya nyuma ili injini isile mafuta kifaru kikiwa kimesimama, sahani nene zaidi za chuma. Mwaka huu yalikuwa makasha ya ubavuni, yenye vifaa vya kudungua kombora kabla halijakigusa kifaru. Mafundi walisema vifaru vinanenepa uzeeni kama wao wenyewe.

Makasha hayo yalishikiliwa na mabano ya chuma yaliyochomelewa kwenye mnara, yaani kile kichwa cha juu chenye mzinga, kinachozunguka. Kazi hiyo ilikuwa ya Tully. Verlon alikuwa upande wa pili, kwenye sahani za mbele. Wote wawili walikuwa wamechomelea vyuma tangu ndevu zao zikiwa nyeusi.

Kifaru cha siku ile kilikuwa tayari kimepakwa rangi. Lakini mkaguzi alikuta bano moja limekaa upande, akasema likatwe lichomelewe upya kabla ya chakula cha mchana, maana wanajeshi wenyewe wangekuja kukichukua Alhamisi. Verlon alipita hapo na kikombe cha kahawa, akasikia mashine ya Tully inanguruma, akageuza uso asiangalie mwanga. Ndipo macho yake yalipoangukia waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye mashine. Kibano chake kilikuwa kimeng'ata ndoano ya kuvutia, chini, kwenye mwili wa kifaru.

Akasimama. Tully alikuwa anachomelea juu, kwenye mnara, na kibano kilikuwa chini. Umeme wote ule ulikuwa na njia moja tu ya kushuka: kupitia beringi kubwa inayoubeba mnara, kwenye gololi zake, na umeme ukipita hapo huziunguza vishimo. Kila fundi wa pale alifundishwa jambo hilo siku yake ya kwanza. Ukichomelea juu, kibano kikae juu. Lakini kwa sababu ya rangi, kubana juu kungemlazimu Tully akwangue mpaka chuma kionekane, kisha aite watu wa rangi waje kupaka tena, na watu wa rangi walikuwa wameshaondoka kwenda kwenye kifaru kingine. Ndoano ya chini ilikuwa chuma kitupu, na ilikuwa karibu.

Mashine ilinyamaza. Tully akavua kofia ya kinga, akamwona Verlon, akaangalia kule Verlon alikokuwa anaangalia. Kisha akakitoa kibano, akazungusha waya mkononi taratibu, kama mtu anayekunja kamba ya kuanikia nguo.

Wakati wa chakula walikaa nyuma ya ghala, juani. Verlon alimwambia kwa sauti ya chini kwamba lazima aseme, mnara uinuliwe, beringi iangaliwe. Tully alisema mkaguzi ameshapitisha bano. Alisema mnara umezungushwa na haukukwaruza popote. Alisema pengine gololi hazikuguswa kabisa, na hata zikiwa zimeguswa, ni vidoa vidogo tu, vitaisha vyenyewe.

"Vidoa haviishi, Tully. Vinakua. Mchanga ukiingia, na joto, mnara unakwama. Watu wanne wako ndani na mzinga unaangalia upande mmoja."

"Najua mnara unavyokwama, usinifundishe kazi." Akakunja karatasi ya mkate. "Nina onyo moja tayari tangu kiangazi, unalijua. La pili wananinyang'anya cheti. Na bima ya Jolene iko kwenye kazi hii. Figo zake zinasafishwa kwa bima hii, Verlon. Sasa wewe niambie niseme."

Verlon alimpenda Jolene. Mkate wake wa soseji ulikuwa bado tumboni mwake.

Jumatano Tully alimpitia kama kawaida, ila redio ilikuwa imefunguliwa kwa sauti kubwa, na hakuna aliyeizima. Walipofika karibu na lango, Verlon alijaribu mara moja tena. Alisema kwamba yeye angesimama naye mbele ya msimamizi, angeeleza habari ya rangi na haraka ya mkaguzi. Tully alijibu bila kumwangalia kwamba kama Verlon anataka kusema, aseme, mdomo ni wake. Lakini asimwombe mtu ajichimbie kaburi kisha amshikie na koleo.

Jioni ile Verlon alijipikia uji mzito wa mahindi, akaula amesimama kando ya jiko. Halafu akapiga magoti kando ya kochi, maana kitandani alikuwa hajarudi kulala tangu Machi. Alimwomba Bwana azilinde zile gololi. Alimwomba aipitishe mikono yake kwenye beringi ile, azifute alama zote, kama alivyowahi kuponya miili iliyooza. Aliomba hivyo mpaka magoti yakamuuma, kisha akanyamaza ghafla. Ilimjia kwamba alikuwa anamtuma Mungu akarekebishe chuma ili yeye asifungue kinywa.

Aliwaza njia ya kwenda kazini bila mtu wa kusema naye, na benchi la nyuma ya ghala bila mtu, na simu iliyobaki na sauti moja tu, tena ya mashine, inayomwita aliyekufa. Aliiogopa picha ile kuliko alivyowahi kuogopa ugonjwa. Hakuomba tena kitu chochote. Alisema tu, "Bwana, unaona," akazima taa.

Alhamisi wanajeshi walifika na basi dogo: sajini mmoja, mwanamke mfupi aitwaye Marisela Quintana, na watu wake watatu. Pale Coker Hollow kulikuwa na desturi ya kukabidhi. Kazi zote zilisimama. Mafundi walivua kofia, wakajipanga nyuma ya mstari wa njano. Wanajeshi walipanda kifaru chao, wakauzungusha mnara mzunguko mzima. Kisha msimamizi, Bi Oneida Crenshaw, ambaye baba yake pia alifanya kazi pale, aliuliza kwa sauti kama kuna yeyote mwenye neno juu ya kifaru hiki. Hapo watu hukaa kimya kidogo, halafu hupiga makofi, halafu karatasi husainiwa na watu huenda kula nyama ya kuchoma. Kwa miaka yote ya Verlon pale, hakuna aliyewahi kujibu swali lile. Wageni walidhani ni utani.

Mnara ulizunguka. Ulizunguka laini, bila kukwaruza, na jua la asubuhi likateleza juu ya makasha mapya mpaka mzinga ukarudi ulikoanzia. Verlon aliusikiliza kwa mwili mzima. Alitamani usikike mlio wowote, mdogo tu, ili chuma chenyewe kiseme. Hakikusema.

Sajini Quintana akatoa kichwa kwenye tundu la juu. Akaupapasa ukingo wake, akauliza mafundi, kwa mzaha, kama kuna aliyesahau koti lake humo ndani, maana wao wangeishi humo mpaka mwaka ujao na hawana nafasi ya mpangaji. Watu wakacheka. Tully, aliyekuwa mwisho wa mstari, hakucheka.

"Haya," akasema Bi Oneida. "Kuna mwenye neno juu ya kifaru hiki?"

Ukimya ulikuja kama siku zote. Mikono ya watu ilikuwa tayari kupiga makofi. Verlon akavuka mstari wa njano.

"Mimi, Bi Oneida. Kisitoke. Umeme wa kuchomelea ulipita kwenye beringi ya mnara. Niliona kwa macho yangu, Jumanne."

Hakuna aliyepiga makofi. Mkaguzi akasema kwamba mnara umezunguka mbele ya kila mtu. Verlon akajibu kwamba utazunguka leo, na kesho, na yeye hajui utazunguka mpaka lini. Bi Oneida akamuuliza nani alikuwa anachomelea.

Verlon akatazama mikono yake. "Nimesema nilichokiona kwenye chuma. Mnara uinuliwe, beringi itajieleza."

"Nimekuuliza nani."

Viatu vya mtu vilisikika vikija kutoka mwisho wa mstari. Tully alikuja akasimama kando yake, si karibu sana.

"Ni mimi," akasema. "Rangi ilikuwa imeshapakwa. Nikabana kwenye ndoano ya chini. Msimsumbue mzee."

Sajini aliteremka kwenye kifaru. Alimwambia Bi Oneida kwamba watasubiri, hata kama ni baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka, na akawapeleka watu wake nje. Kreni ikaitwa. Mchana mnara ulikuwa umening'inia hewani, na watu waliinama chini yake na taa. Kwenye gololi kulikuwa na vishimo vyeusi, vidogo kama alama za ncha ya penseli, vimejipanga upande mmoja.

Bi Oneida alifanya alichotakiwa kufanya, na alikifanya papo hapo, mbele ya wote, kwa sababu hakupenda mambo ya kunong'onezana ofisini. Alimwomba Tully cheti chake. Alimwambia kwamba ataandika pia kuwa alijitaja mwenyewe, na kuwa haraka haikuwa yake peke yake. Kama hilo litasaidia, hajui. Tully alitoa kadi mfukoni, akaifuta kwenye suruali, akampa. Akachukua kofia yake ya kinga na mfuko wake. Watu wakampisha.

Alipofika kwa Verlon alisimama.

"Ulifanya haki," akasema. "Nisingeweza kulala kwa ajili ya yule sajini. Hilo nakupa. Lakini usinitazamie kesho barazani, Verlon. Siwezi kukaa na wewe kwenye gari moja. Siwezi, ndugu yangu. Na nikimweleza Jolene, sitaki uwe unagonga mlango."

"Sitagonga."

"Haya."

Akaanza kuondoka. Verlon alihisi mafundi wote wanamwangalia yeye, wengine kwa huruma, wengine kama mtu ambaye kuanzia sasa watachunga maneno mbele yake. Mnara ulikuwa bado unaning'inia juu ya vichwa vyao. Sauti yake ilitoka kubwa, ikafika mpaka mlangoni.

"Tully. Nasema mbele ya hawa wote wanisikie. Sitakuja nyumbani kwako mpaka uniite. Lakini siku Jolene akihitaji mtu wa kumpeleka hospitali, na wewe uko mbali unatafuta kazi, nipigie. Hata kama hutaki kuongea, nipigie halafu ukae kimya, nitajua. Nitakuja, na sitasema neno njiani. Naahidi mbele za Mungu na mbele ya hawa."