Ukingo wa Lenzi

Kwanza ulisikika mlio, mwembamba kama wa mbu aliyekasirika. Ukapanda, ukashika, kisha ukakatika. Hapo ndipo Bi Nyuzi alipoinua kichwa kutoka kwenye mashine ya kusagia, akaikausha lenzi kwa kitambaa, akaiweka pembeni na kuokota nyingine kutoka kwenye kisanduku cha miwani zilizorudishwa. Aliielekeza kwenye taa.

"Haraka," alimwita mwenzake wa meza ya pili kwa jina lake la utani, "hii nani kaisaga?"

"Mimi, dada. Namba za daktari kama zilivyoandikwa. Sikuongeza, sikupunguza."

"Ndiyo kosa lenyewe."

Jina la Bi Nyuzi alilipata humo humo kwenye maabara ya miwani, kwa sababu hakuna fremu iliyopita mikononi mwake bila kupimwa imeinama nyuzi ngapi. Daktari humpima mtu kwa fremu bapa, lenzi ikiwa imemkabili jicho kwa jicho. Lakini hizi zilikuwa miwani za kazini, zilizopinda na kuukumbatia uso mpaka karibu na masikio, ili vumbi lisipate mlango. Humo lenzi hukaa mshazari, na namba iliyokuwa kweli kwenye fremu bapa hugeuka uongo. Lazima nguvu ipunguzwe kidogo, na upande wa puani unenepeshwe kidogo, ndipo jicho lione alichokusudia daktari. Haraka hakufanya hivyo, na wakata mawe wa kiwanda cha ng'ambo ya barabara wakazirudisha zote. Walisema sakafu imebinuka kama kifuniko cha sufuria. Mmoja alitapikia viatu vyake.

Bi Nyuzi alizisaga upya. Maabara nyingine husawazisha katikati ya lenzi na kuuacha ukingo ujifie kwa ukungu, maana nani hutazama kwa ukingo? Yeye alisawazisha mpaka mwisho kabisa, pale lenzi inapokutana na fremu. Hakuomba ushauri. Aliujua mkono wake.

Wiki iliyofuata mnyapara wa wakata mawe alikuja mwenyewe, mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi.

"Bi Nyuzi, safari hii umetuweza. Sakafu imelala." Akavuta kiti, akakaa. "Ila pembeni tunamwona shemeji yako."

"Mume wa mdogo wangu?"

"Huyo huyo."

"Amesimama wapi?"

"Pale pale kwenye msumeno mkubwa. Ukimgeukia, hayupo. Ukimtazama kwa pembe ya lenzi, yupo. Amekonda kidogo."

Bi Nyuzi aliuliza kama fremu zinabana masikio. Mnyapara alisema hazibani, akaaga, akarudi kazini.

Shemeji huyo, mkata mawe wa kiwanda hicho hicho, alitoweka mwaka uliopita. Ofisi ya kiwanda ilisema ametoroka na mwanamke, na mtaa haukuomba habari hiyo irudiwe mara mbili. Tangu hapo mdogo wake Bi Nyuzi alikuwa akienda sokoni kwa njia ya uchochoroni, asikutane na wenye pole za kejeli. "Kama alinichoka, angesema," alizoea kumwambia dada yake. "Mdomo alikuwa nao."

Bi Nyuzi alimpeleka akapimwe macho, akamsagia miwani ya aina ile ile, akamvusha barabara.

Kiwandani watu hawasikilizani kwa masikio, kwa jinsi misumeno inavyopiga kelele. Husomana midomo. Mdogo wake alisimama kando ya msumeno mkubwa, uso ameuelekeza ukutani, macho ameyapeleka kwenye ukingo wa lenzi. Mumewe alikuwepo, na aproni yake ya ngozi, bega limekinga njia. Kila mkata mawe aliyesogea mno karibu na meno ya msumeno alisukumwa kwa bega, taratibu, akarudi nyuma na kusema, "Samahani, kaka."

"Anasemaje?" Bi Nyuzi aliuliza kwa midomo.

"Anasema hakwenda kokote. Msumeno haukuwa na kifuniko cha meno. Mpaka leo hauna." Mdogo wake akagusa kisogo. "Na anauliza mbona nimekata nywele."

"Mwambie zitaota."

"Nimemwambia aache upuuzi, anitazame usoni. Anasema nikigeuka tu, atapotea."

Hakugeuka. Alisimama vile vile, shingo imekakamaa, mpaka kengele ya kufunga kazi. Kesho yake alikwenda sokoni kwa barabara kuu, miwani usoni.

Habari zilimfikia mwenye kiwanda, naye hakuwa mtu wa kuambiwa. Alikuja kujionea. Alivaa miwani ya mnyapara, akatazama kwa pembe, akaguna kwa kuridhika kama mtu aliyekuta ghala limefagiliwa.

"Kumbe yupo," alisema. "Na kazi anaiweza. Tangu asimame hapo, kuna aliyeumia?"

"Hakuna, bosi," alisema mnyapara. "Lakini kile kifuniko tulichoomba..."

"Kifuniko cha nini tena? Si huyu hapa?"

Akavua miwani, akamrudishia. Jioni hiyo ofisi ilitangaza kwamba mfanyakazi yule hakutoroka. Alichelewa tu kufika kazini. Mtaa haukutangaza chochote. Mtaa ukishasema, umesema.

Kiwanda kiliagiza miwani nyingine, na Haraka akazileta fremu zake kwenye meza ya Bi Nyuzi.

"Dada, safari hii tusawazishe katikati tu, kama maabara nyingine. Ukingo ukifa, naye hataonekana, wala bega lake halitamzuia mtu. Tajiri atalazimika kununua kifuniko."

"Baada ya nani kukatwa?"

Haraka alizitazama fremu. Kisha akamsogezea kipimo cha nyuzi, akarudi kwenye meza yake.

Bi Nyuzi alizisaga zote mpaka ukingoni, na moja akaisaga kwa vipimo vya macho yake mwenyewe. Akaivaa, akavuka barabara. Msumeno mkubwa ulikuwa ukilia, meno wazi. Aliugeuzia ukuta uso, akapeleka macho pembeni, akamwona shemeji yake na aproni yake, bega limelegea kidogo kuliko alivyolikumbuka.

"Mpaka lini, shemeji?" midomo ya mwanamume yule iliuliza.

Bi Nyuzi alifungua kinywa vizuri, neno baada ya neno, na sauti akaitoa yote ingawa mahali pale sauti haikuwa na kazi.

"Wewe simama, mimi nasaga. Hakuna lenzi itakayotoka mkononi mwangu na ukingo uliokufa. Na siku watakapokifunga kifuniko, nitakuja mwenyewe kukuambia, ukalale."