Supu ya Watu Wawili

Jumapili ile nilitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee nikiwa hoi, mgongo unawaka moto. Mume wangu alikuwa ameshabandika supu ya boga. Hata viatu sijavua, hodi ikapigwa, na nyumba nzima ikatoweka vyumbani bila kuambiwa. Huku Little Haiti, mtaa wetu sisi Wahaiti, hodi ya mtu usiyemtarajia hatuipendi. Binamu yangu Odilon, ambaye kibali chake cha kukaa Marekani kilikwisha, alijifungia bafuni.

Kumbe ni Wilky, kijana wa kwaya kanisani kwetu, ana kitambulisho cha sensa shingoni.

“Shikamoo, shangazi Dieula. Mnaishi wangapi humu?”

“Wawili. Mimi na mume wangu.”

Akachungulia jikoni. “Na sufuria lote lile?”

“Tunakula. Umetumwa kuhesabu watu au maboga?”

Alicheka, kisha akashusha sauti. “Shangazi, niambie kweli. Tukionekana wachache, zahanati itamwondoa yule nesi anayeongea Kikrioli chetu. Na haya hayafiki kwa watu wa uhamiaji, naapa.”

“Kiapo chako ndicho kitakachomtoa mtu kizuizini?”

Bafuni mtu akakohoa. Wilky aliutazama mlango ule, akanitazama na mimi. Nilichoka jamani. Nimechoka kuogopa, nimechoka kuwadanganya watoto wa wenzangu siku ya Bwana.

“Bomba hilo,” nikasema. “Bovu.”

“Sawa, shangazi. Wawili.”

Nikamjazia bakuli, maana kwetu mgeni wa Jumapili haondoki bila supu. Akainywa amesimama, macho chini, akaaga.

Watu wangu wakatoka mmoja mmoja, wakajibana mezani, wengine wakakaa kwenye ndoo. Wakacheka sana habari ya bomba. Odilon alitoka wa mwisho, na yeye hakucheka. Nilimpa bakuli, hakulipokea.

“Kule nyumbani Jérémie walishanitoa kwenye hesabu, wanasema nimehama,” alisema. “Hapa wewe unasema sijafika. Sasa mimi niko wapi, dada?”

Yaliniingia maneno yale, yakaniuma kweli. Nikaufungua mlango nimwite Wilky arudi, nimwambie tuko tisa, na liwalo na liwe.

Alikuwa barazani kwa jirani yangu Elvanie. Kwa Elvanie watu wanalalia kitanda kimoja kwa zamu, anayetoka kazini anamwamsha anayekwenda.

“Tuko wawili tu, mwanangu,” Elvanie alikuwa akimwambia. “Ingia unywe supu.”

Jina la Wilky lilikuwa mdomoni. Nikalimeza, nikafunga mlango taratibu.

“Kula, Odilon,” nikasema. “Supu inapoa.”

Alinitazama kidogo, akachukua bakuli lake, akarudi nalo bafuni.