Mikono ya Mkwe wa Esekon

Wa mtu! Wa mtu, nakwambia, si wa ngamia. Wa ngamia ungeujua tu, mjukuu wangu, ule unaweza kujengea boma. Huo uliouona umelazwa kwenye pamba kama mtoto mchanga, ndani ya hema la Arukudi, ni mfupa wa mkono wa mtu. Kutoka hapa begani mpaka hapa kwenye kiwiko. Mtu wa zamani, kabla babu zetu hawajafika huku na ng'ombe wao, na sijui kama hata ng'ombe walikuwepo. Esekon alipouona, kitu cha kwanza kuuliza: "Huyu alikuwa wa Mawe au wa Chui?"

Si unatujua, wanaume wetu tuna pande mbili. Baba akiwa Jiwe, mtoto ni Chui, mjukuu anarudi Jiwe, na kwenye nyama hatukai ovyo. Sasa mtu akikaa mchangani miaka yote hiyo bila kujulikana akae upande gani, Esekon hapati usingizi.

Arukudi akamwambia, "Mzee, huyu ameshakuwa jiwe kabisa. Mchukue upande wenu."

"Karibu," Esekon akauambia ule mfupa.

Huyu Arukudi ni mtoto wa hapa hapa, binti wa marehemu Lopeyok. Alisoma mpaka shule zikaisha, akavuka ng'ambo akazikuta nyingine, akazimaliza na hizo. Kazi yake ni mifupa ya mikono na miguu basi. Vichwa hataki. Anasema vichwa vina wenyewe, wanagombana huko kila siku. Yeye anasema mfupa unanenepa mahali unapofanyishwa kazi, hasa ukiwa bado unakua. Ukirusha mkuki tangu mdogo, mkono wa kulia unakuwa mnene kuliko mwenzake. Ukitembea sana, mfupa wa mguu unaonyesha. Huyo mtu wa kale walimpata mikono yote miwili, kule kwenye mto mkavu, na Arukudi alitaka kujua alikuwa anafanya nini na mikono yake. Sasa utamuulizaje? Huwezi. Ndiyo akaamua kutazama yetu sisi tunaofanya kazi za mwili, alinganishe.

Basi akaleta mashine ya kupiga picha mifupa na jenereta inayokohoa kama mbuzi mgonjwa. Ukikubali unalala, unapigwa picha za mikono, unapewa tumbaku na sukari. Watu walipigwa picha bwana! Mimi nilirudi mara ya pili nikajifanya mtu mwingine. Akaniambia, "Babu, hata kiwiko chako nakijua sasa, nenda nyumbani."

Sasa hapo ndipo Esekon akaingiza mambo yake.

Esekon ni rika langu, na ni msomaji wa matumbo. Mnyama akichinjwa, yeye anayatandaza matumbo, anatazama, anakwambia mvua iko wapi, adui yuko wapi, nani atazaa. Kwa hiyo kichwani mwake Arukudi ni msomaji mwenzake, ila amechagua sehemu isiyo na mafuta. Na alikuwa na shida ya kusomewa. Binti yake Atabo alikuwa ameposwa na kijana mmoja, Lomilio, mwenye pikipiki ya kubeba abiria Lodwar. Mifugo ya mahari wazee walishakubaliana. Kilichobaki ni maksai wa harusi, yule ambaye bwana harusi anamchoma mkuki nyumbani kwa bibi harusi. Bila huyo hakuna ndoa, kuna maneno tu. Na Esekon akawa amekataa maksai asiletwe.

"Mkono wa kushika pikipiki," anasema, "utamchoma nani? Nitamwoza binti yangu kwa tairi?"

Atabo naye akamwambia mama yake, Nakuleu, wazi kabisa: kama si Lomilio, mimi naenda kwa shangazi kule Kakuma na hapa hamtaniona tena. Na yule msichana akisema anaenda, anaenda. Nakuleu alikuwa hali chakula vizuri siku hizo. Huyo ndiye kitinda mimba wake.

Asubuhi moja tukamsikia Esekon kwenye hema, mkuki mkononi. "Arukudi, nitamleta huyo kijana umsome. Mifupa ikisema atanilisha uzeeni, alete maksai. Ikikataa, apige kiki pikipiki yake aondoke."

Arukudi akashika kichwa. "Baba, mifupa yangu haitazami mbele. Inatazama nyuma peke yake."

"Usinifundishe kazi, mama. Hata matumbo yanaanza nyuma."

"Na tena picha ya mtu ni yake mwenyewe. Siwezi kuionyesha bila yeye kutaka."

Lomilio alikuwa ameshafika, amesimama na kofia yake ya pikipiki kwapani. Akasema, "Mwonyeshe tu, dada. Sijaficha kitu ndani ya mfupa."

Esekon akadai apigwe yeye kwanza, ili tuone mkono wa mwanamume unavyokaa. Akalala pale amekaza misuli, kama mashine inapiga nyama. Picha ikatokea kwenye kioo: mkono wa kulia mnene, wa kushoto mwembamba kama fimbo ya kuchungia. Akasimama akazunguka hema. "Mmeona? Mkuki huo! Mkuki tangu mtoto!"

Halafu Lomilio. Mikono yote miwili sawasawa. Minene, lakini sawasawa.

Esekon akasema polepole, kwa raha, "Hana mkono wa mkuki."

Lomilio akatazama chini. Nikamwonea huruma, nikauliza tu ili nigeuze maneno, "Na yule mzee wetu wa kwenye pamba, yake ikoje?"

"Inakaribiana na ya huyu," Arukudi akasema. "Sawasawa, na minene. Alifanya kazi ya mikono miwili tangu utoto. Kuchimba, kutwanga, kuvuta kitu. Ipi hasa, sijui bado."

"Kutwanga!" Esekon akapiga paja. "Basi huyu kijana ni bibi harusi. Atabo ndiye atoe mahari!"

Watu wakacheka, na mimi nilicheka, sitakudanganya. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya hema.

"Arukudi, mwanangu, toa picha yangu ya jana."

Alikuwa Nakuleu. Lakini kwa kuwa mkwe yuko ndani, akaingia kinyumenyume, mgongo kwa Lomilio, kama heshima inavyotaka, akasimama hivyo hivyo anatazama turubai. Arukudi akatoa picha. Ikawekwa karibu na ya kijana. Mjukuu wangu, zilikuwa kama mtu na ndugu yake.

Nakuleu akaiambia turubai, "Muulizeni huyo wa pikipiki aliteka maji wapi."

Lomilio naye akaujibu mchanga, "Mwambieni mama nilikuwa chini kabisa kisimani. Ngamia wa mjomba. Tangu nikiwa mdogo mpaka niliponunua pikipiki."

Chini kabisa ni mahali pa mtu anayechota na kuirusha ndoo juu kwa mikono miwili, mwenzake aliyesimama katikati ya kisima aidake. Ukichoka wewe, ngamia wote wanakufa na wimbo wa kisimani unakatika.

"Baba Atabo," Nakuleu akasema. "Tangu unioe, ndoo yako iko wapi?"

"Mimi nilikuwa nasimama juu na mkuki. Nalinda."

"Unalinda maji yasitoroke?"

Hema lilitaka kuanguka. Arukudi mwenyewe aliinama nyuma ya mashine, mabega yanatikisika. Nakuleu hakucheka. Akasema, "Mikono ya kisima ndiyo iliyokulisha wewe. Nataka binti yangu apate mtu wa kumsaidia ndoo, nisimwone anazeeka kama mimi." Akatoka.

Esekon akatafuna tumbaku. Akazitazama zile picha, yake, ya mkewe, ya kijana. Akatema. "Alete maksai," akasema. "Lakini atachoma mwenyewe, nisione mjomba akimshikia mkuki."

Kijana alileta maksai mwekundu mwenye nundu. Akasimama karibu, akaushika mkuki kwa mikono miwili kama anachimba mchanga, akausukuma. Wazee wa ukoo wakapiga kelele kwamba haushikwi hivyo. Maksai hakuzisikia, alikuwa ameshalala. Nakuleu akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Esekon akatandaza matumbo, akamwita Arukudi, "Njoo usome kitu kinachotazama mbele." Akamwonyesha mvua, akamwonyesha wageni, akamwonyesha mtoto. Arukudi akauliza mtoto yuko wapi. "Hapa," Esekon akasema. Mimi niliona utumbo.

Kisha tukapangana, Mawe huku, Chui kule, wanawake na Arukudi upande wao na chungu chao. Esekon akasogea, akanipa nafasi, akaniambia nikunje miguu. Nyama ikatoka motoni, tukakaa, tukala.