Dirisha la Darasa la Saba

Jumatatu moja asubuhi, saa moja kasorobo, Nthenya aliingia jikoni kukoroga uji akakuta dirisha la darasa la saba limekaa kwenye ukuta wake, pale alipozoea kutundika ungo. Lilikuwa ni lile lile: fremu ya chuma ya rangi ya kijani, vioo vinne, na kimoja kina ufa kutoka kwenye kona mpaka katikati. Ungo ulikuwa umeshushwa chini vizuri, haukuvunjika hata ufito mmoja. Nthenya alipitisha kiganja pembeni mwa fremu, akaona kaupepo kanapita, akasema moyoni kwamba ataziba kwa udongo mchana. Kisha akamwita binti yake.

"Kasyoka, njoo. Shule imekuja."

"Yote?" Kasyoka aliuliza kutoka uani, mswaki ukiwa mdomoni.

"Dirisha tu."

Wazazi wa Kwa Nzuki, huku upande wa Tawa, walikuwa wameingojea habari kama hiyo kwa wiki tatu. Kipindupindu kilikuwa kimeingia vijiji vya chini, kwa wale wanaochota maji mtoni kwenye mchanga, na hakuna aliyejua kama shule ingefungwa au la. Kila asubuhi mtu alikwenda kumuuliza mwalimu mkuu.

"Mwalimu, shule imefungwa?"

"Haijafungwa. Barua haijafika."

"Basi iko wazi?"

"Siwezi kusema iko wazi. Barua haijafika."

Wengine waliwapeleka watoto, wengine wakawazuia. Nthenya alifanya yote mawili. Alimtuma Kasyoka shuleni, akafikiria ugonjwa, akamkimbilia njiani akamrudisha. Wakifika nyumbani akafikiria mtihani wa CPE wa kumaliza shule ya msingi, wa mwezi wa kumi na moja, akamtuma tena. Siku moja mtoto alienda na kurudi mara nne, akafika shuleni wenzake wakitoka.

Halafu Jumapili, baada ya ibada, naibu wa chifu alisimama mbele ya kanisa akasema watoto wakae nyumbani kwanza, masomo yatawafuata huko huko. Watu waliitikia, wakaimba wimbo wa mwisho, wakaenda kula. Jumatatu shule ikawafuata.

Ilirudi kwa njia ile ile iliyokuja nayo. Shule ya Kwa Nzuki ilijengwa kwa harambee na mwethya, ule utaratibu wa majirani kufanya kazi pamoja zamu kwa zamu, na kila boma lilileta kilichowezekana. Basi kila kitu kilirudi kwa aliyekileta. Musyoka alipata mabati yake mawili. Kanisa lilipata madawati, na Jumapili iliyofuata wazee walisikiliza mahubiri magoti yakiwa yamegusa videvu. Wanjiro wa duka alipata kufuli. Mzee Ndululu alipata kengele, ambayo ililia yenyewe saa mbili kamili, na kwa kuwa hakujua la kufanya nayo, alishika jembe akaenda shambani. Ikilia saa nne alipumzika. Mke wake alisema hajawahi kuolewa na mwanaume mwenye bidii kama huyo.

Dirisha lilikuwa la Mbuvi, mume wa Nthenya, anayeuza mafuta ya gari kule Mtito Andei. Alilileta Krismasi moja juu ya basi, limefungwa pamoja na mbuzi wa mtu.

Na ubao ulirudi kwa Ndeti, mwenyekiti wa kamati ya shule. Mwalimu Kivuva wa darasa la saba alipoamka Jumatatu na kukuta ubao hauko, aliuliza uko wapi, akachukua chaki na daftari la mahudhurio, akaufuata.

Saa mbili na dakika chache, Kasyoka alisimama mbele ya dirisha la jikoni na bakuli lake la uji.

"Mwaitu," alimwambia mama yake, "namwona mwalimu."

Nthenya alisogea. Dirisha lilikuwa halijasahau kazi yake. Miaka sita lilikuwa limeangalia ubao, na sasa liliendelea kuuangalia, ingawa ubao wenyewe ulikuwa boma la tatu, nyuma ya ukuta wa mawe. Kioo kilionyesha sebule ya Ndeti, vitambaa vya kufuma juu ya viti, na watoto wake watatu wamekaa wamechanwa nywele. Mwalimu Kivuva alikuwa amefungua daftari, anaita majina. Alikuwa anaita yote arobaini na moja, kwa sababu ndivyo daftari lilivyoandikwa. Sauti haikupita, lakini midomo ilionekana vizuri.

"Sasa ni mimi," Kasyoka alisema. Akaweka bakuli chini, akasimama wima. "Niko!"

Mwalimu aliinua macho, akatazama mlangoni kwa Ndeti, hakuona mtu. Akaandika sifuri.

Nthenya alijifunga leso akaenda kwa Ndeti. Geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Ndeti alikuja na kikombe cha chai, akasimama mbali kidogo kama redio ilivyoshauri.

"Mama Kasyoka, karibu. Karibu huko huko nje."

"Nimeleta ombi, mwenyekiti. Msichana wangu akae hata mlangoni tu."

"Ugonjwa hauulizi mlango. Nikimruhusu wako, Kalunde ataleta wake, na Musyoka atamwaga wake wote saba. Mimi nina familia."

"Lakini ubao ni wa shule."

"Ubao nani aliuleta?" Ndeti alikunywa chai. "Si ulikuwepo? Si ulipiga makofi wewe mwenyewe? Nakumbuka ulipiga sana."

Ilikuwa kweli. Alipiga makofi mpaka mtoto mgongoni mwa jirani akaamka.

Mwalimu Kivuva alichungulia nyuma ya Ndeti, na kidole kina mafuta ya kuku. "Si makosa yangu, mama," alisema. "Mimi nafuata ubao."

"Basi nisaidie kitu kimoja, Mwalimu. Ukiita jina la Kasyoka, yuko. Anakuona kwa dirisha."

"Kwa dirisha gani?"

"La darasa. Liko jikoni kwangu."

Mwalimu alifikiria kwa dhati. "Hapo kuna shida," alisema. "Daftari linataka mtoto ambaye mimi ndiye namwona."

Nthenya alirudi nyumbani njia ya mtaroni ili asikutane na mtu.

Wiki nzima Kasyoka alisoma ubao bila sauti. Hesabu alizielewa. Sayansi alikisia. Lakini mwalimu alipoanza kueleza, akitembea huku na huku, mtoto alibaki akitazama midomo kama ng'ombe anayetazama gari. Nthenya aliona hivyo, na kila jioni alihesabu wiki zilizobaki mpaka mtihani, akakosea kwa makusudi ili zizidi.

Siku ya Ijumaa Kalunde alikuja. Kalunde ni jirani, mjane, na mwanawe Muthama yuko darasa moja na Kasyoka. Alikuwa amebeba sufuria yenye maji, amefunika kwa sahani.

"Wewe ulipata dirisha," alisema. "Mimi nimerudishiwa maji."

Ilikuwa haki. Shule ilipojengwa, Kalunde hakuwa na bati wala mbao. Alibeba maji ya kukorogea saruji, kutoka mtoni mpaka kilimani, mwaka mzima. Hakuna aliyempigia makofi, maana maji yakishaingia kwenye saruji hayaonekani. Sasa madebe yake yalikuwa yamepangwa nyuma ya nyumba, kuanzia chooni mpaka kwenye zizi.

"Mtu wa afya alisema tuchemshe maji yote," Kalunde aliendelea. "Nikachemsha ya chai. Yakianza kutokota nikasikia mtu anasema, wewe Jonah, acha kulala. Nikajua huyo ni Kivuva, na Jonah ni yule wa Ndeti."

Nthenya aliondoa uji jikoni, akaweka sufuria ya Kalunde kwenye mafiga mbele ya dirisha, akasukuma kuni. Maji yalipochemka, sauti ya Mwalimu Kivuva ilitoka na mvuke, kubwa na safi, na dirishani midomo ikaenda nayo sawasawa. Alikuwa anafundisha jinsi mvua inavyofanyika. Wanawake wawili walisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ni hivyo," Kalunde alisema. "Basi huku kwetu kuna mtu anatuzuilia."

Tangu siku hiyo kulikuwa na darasa jikoni kwa Nthenya. Walikuja watoto kumi na mmoja. Nthenya aliwasimamisha umbali wa hatua mbili mbili na kuwaosha mikono kwa sabuni na majivu, kabla na baada, mpaka vidole vikakunjamana kama vya wazee. Kuni zikiwa kavu, mwalimu alisema haraka. Zikiwa mbichi, alikuwa na kigugumizi, na Muthama alilala chini kupuliza moto ili apate mwisho wa sentensi. Somo la historia lilikuwa refu, lilimaliza madebe mawili. Na kila asubuhi, majina yakiitwa, watoto kumi na mmoja walisema "Niko" mmoja baada ya mwingine, na mwalimu akaandika sifuri kumi na moja.

Kilichomsumbua Nthenya ni hizo sifuri. Alimwandikia Mwalimu barua, Wanjiro wa duka akaipitisha chini ya geti. Mwalimu alijibu vizuri, kwa mwandiko mzuri, kwamba amesikitika, na kwamba suala lake litangoja barua ya ofisi ya elimu.

Barua ya ofisi ilifika mwezi wa kumi, kwenye baiskeli, imekunjwa ndani ya gazeti la zamani. Ilisema hivi: shule hazikufungwa wakati wowote. Mtoto aliyekosa zaidi ya siku thelathini bila ruhusa ni mtoro na hatafanya CPE mwaka huo.

Shule iliposikia haijawahi kufungwa, ilirudi mahali pake siku hiyo hiyo. Mabati yaliondoka kwa Musyoka mchana, watu wakiinamisha vichwa yapite. Madawati yalitoka kanisani katikati ya maombi. Maji ya Kalunde yalikauka, isipokuwa debe moja alilokuwa amelifunika kwa sinia na kuliwekea jiwe. Dirisha pekee halikuondoka, kwa sababu Nthenya alikuwa ameshaliziba pembeni kwa udongo na samadi, na ukuta wa Nthenya haukuwa wa kuchezewa.

Siku ya mtihani Kasyoka alivaa sare, akasimama jikoni na daftari lake la mazoezi. Dirisha lilikuwa nyumbani, lakini lilikuwa bado linaangalia ubao, na sasa ubao ulikuwa umerudi darasani. Aliona karatasi ya Jonah kwa nyuma ya bega lake. Alijibu swali moja moja.

"Namba tisa amekosa," alisema. "Na kumi. Mwaitu, hata kumi?"

"Wewe andika yako."

Alimaliza kabla ya Jonah. Nthenya alichukua daftari akajaribu kulipitisha dirishani, kwanza kwa upole, halafu kwa nguvu. Kwa upande ule mwingine lilitokea kwa kuku, kwani nyuma ya ukuta wa jikoni kulikuwa na kuku tu. Akafuta daftari vumbi, akaliweka juu ya kabati, ndani ya Biblia.

Jonah aliitwa sekondari ya bweni. Kasyoka, wenzake kumi na wote waliowekewa sifuri walirudia darasa la saba.

Mwezi wa pili Ndeti aliitisha harambee. Alisema ukuta wa darasa la saba una shimo na kila mzazi alete anachoweza. Wazazi walikuwa wamejifunza. Musyoka alileta ubao. Mzee Ndululu alileta ubao. Wanjiro alileta ubao mdogo wa kuandikia bei, na Nthenya akaleta wake, aliotengenezewa na Mbuvi kwa mlango wa kibanda cha mafuta. Jumla zilikuwa mbao kumi na tisa, zimepangwa darasani hata pa kupitia hapakuwepo, na shimo likabaki. Kalunde alileta maji.

Ndeti alikuja mwisho. Alileta kiti cha mwalimu, cha mvule, chenye mto wa kitambaa chekundu. Watu walipiga makofi kidogo.

Mwezi wa sita uvumi ulianza tena. Wengine walisema ni kipindupindu, wengine surua. Nthenya hakwenda kwa mwalimu mkuu kuuliza. Jumatatu asubuhi ubao wake ulikuwa umeegemea mlango wa jikoni, na mtu akitazama njiani angeona mbao zingine zimeegemea milango mingine, kumi na nane, zote safi.

Mwalimu Kivuva alipita barabarani na daftari kwapani. Alisalimia kila boma vizuri.

"Unaenda wapi, Mwalimu?" Nthenya alimuuliza. "Ubao uko hapa."

"Nimeuona, mama. Ni mzuri sana," alisema. "Nafuata kiti."

Nthenya aliingia ndani. Alichukua kitambaa akafuta vioo vinne, kile chenye ufa polepole. Kalunde alikuwa tayari ameweka sufuria motoni, na kuni zilikuwa kavu. Kasyoka aliosha mikono, akasimama wima mahali pake, akangoja jina lake.

"Niko," alisema.