Maungamo ya Katekista

Padre aliketishwa kwenye benchi la korido ya kituo cha polisi, karibu na choo, na hakuna askari aliyejisumbua kumwamkia. Kanzu yake ilinuka jasho na pombe ya jana. Waumini walimwita Padre Chupa tangu zamani, kwa utani wa mapenzi. Utani uliisha siku aliposema redioni kwamba kusali nje ya makanisa yaliyoruhusiwa ni uasi. Alisema kwa sababu askari walimwonyesha koleo la kung'olea kucha. Hata kumgusa nalo hawakumgusa.

Katekista wake alikataa. Aliendelea kusalisha majikoni kwa watu, milango imefungwa, mpaka akakamatwa.

"Ameomba kuungama," mkuu wa kituo alisema. "Mimi si mnyama, Padre. Ingia. Ukitoka utanieleza kasema nini. Nataka hizo nyumba anamosalishia."

"Mkuu, ya maungamo hayasemwi."

"Na ya redioni ulisema hayasemwi. Tukakusikia vizuri tu."

Katekista alikuwa sakafuni mwa chumba cha mahabusu, mgongo ukutani. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimevimba hata havikunjiki. Padre alichuchumaa. Alitaka kuomba radhi.

"Sogea, baba," katekista alisema. "Hata ukilewa, upadre wako haulewi."

Akamnong'oneza sikioni. Hakutaja nyumba wala mtu. Alisema amemchukia Padre. Tangu aliposikia ile sauti redioni amekuwa akimwomba Mungu amuue. Alisema anaogopa kupigwa tena. Basi, hana jingine.

Padre alimwondolea dhambi.

"Sasa nenda kaoge," katekista alisema, akajaribu kucheka. "Unanuka."

Nje, mkuu alikuwa akimsubiri. "Enhe?"

Ingekuwa rahisi kusema: hakutaja jina hata moja, ananichukia mimi tu. Lakini Padre alihisi kitu kikisimama ndani yake, kitu alichodhani kilikwisha kufa.

"Siwezi kusema."

"Nyumba ngapi?"

"Siwezi kusema."

Mkuu alimtazama sana, karibu kwa heshima. "Kumbe nyumba zipo," alisema polepole. Akawageukia askari wawili waliokuwa mlangoni. "Rudini kwake."

"Mkuu, hakuna..." Padre alianza.

"Hakuna nini?"

Padre akafumba mdomo. Mlango wa chumba ulifungwa. Alirudishwa nyumbani kwa gari, na dereva akashuka kumfungulia mlango.

Siku ya pili maiti ilitolewa. Mke wa katekista alikuja moja kwa moja kwa Padre, hakukaa alipokaribishwa.

"Askari wanasema amekufa kwa sababu ya aliyokuambia. Alikuambia nini?"

"Mama, siwezi."

"Wao uliwaambia."

"Sikuwaambia neno."

"Basi niambie mimi. Mimi ni mke wake, nimemwosha damu leo kwa mikono hii. Alinitaja? Aliwataja watoto?"

Macho ya Padre yalijaa machozi, na mama yule akayatazama kama anavyotazamwa mtu anayejipaka mate usoni aonekane analia.

"Redioni ulikuwa na ulimi," alisema, akatoka.

Mkuu aliagiza mazishi yafanyike siku ileile, na ayaongoze Padre, watu waone kwamba hakuna anayezuiwa dini. Padre hakunywa siku ile. Alisimama kichwani pa kaburi, amevaa kanzu iliyofuliwa, askari wakiwa wamezunguka na bunduki mabegani. Mjane alisimama upande wa pili na wanawake waliosali naye majikoni, vichwa vimefunikwa.

"Bwana awe nanyi," Padre alisema.

Hakuna aliyejibu. Akarudia, sauti ikimpasuka. Wanawake waliangalia udongo.

Kisha nyuma yao mkuu wa kituo akavua kofia, akakohoa kusafisha koo, akaitikia peke yake kwa sauti nzito:

"Na awe rohoni mwako."