Sukari Katika Nyumba ya Wachina

Kizingiti cha nyumba ile kilikuwa juu mno, na magurudumu madogo ya mbele ya kiti cha mgonjwa yaligoma kabisa. Rael alisukuma mara mbili, kisha akaangalia saa. Saa saba na dakika tano. Dakika hamsini tangu amchome Mama Wadha sindano ya insulini, na Mama Wadha alikuwa hajala hata tende moja.

"Ngoja nikusaidie, sista," alisema mlinzi wa mlangoni kwa Kiswahili, bila kuuliza kwao ni wapi. Beji yake ilisema Levis. Aliinama, akashika kiti kwa mbele, wakakivusha pamoja na mwenyewe ndani yake, naye Mama Wadha akapunga mkono kama anayeaga watu uwanja wa ndege.

Sindano ile huchomwa chakula kikiwa mezani. Rael alilijua hilo vizuri. Alikuwa amewafundisha wauguzi wengine wawili. Na chakula kilikuwepo, kule nyumbani Muaither, wali na samaki. Lakini sindano ilipokwisha kuingia, Mama Wadha alisukuma sahani kando akasema atakula akisha kuiona nyumba ya Wachina. Mjukuu wake alikuwa amemwonyesha kwenye simu: nyumba ya mfanyabiashara wa zamani, iliyofunguliwa boriti kwa boriti huko China, kila boriti ikapewa namba yake, ikapakiwa kwenye makontena na kusimamishwa tena hapa Lusail, nchi ya Waarabu, kisha ikajazwa vitabu.

"Sasa hivi. Yalla," alisema. Mama Wadha akisema yalla, hata mwanawe Jasim, mwenye ofisi yake ghorofa ya thelathini kule West Bay, huinuka.

Rael angekataa. Alipaswa kukataa. Badala yake alipiga hesabu ya haraka: njia ni dakika ishirini, na mle ndani, mjukuu alisema, kuna pahali pa chai. Penye chai pana sukari. Kwao Kericho mgeni akiletewa chai bila sukari hujua kwamba hatakiwi. Kwa hiyo hakurudi juu kuchukua pakiti za juisi anazoweka kwa ajili ya sukari ikishuka. Barabara ilikuwa inachimbwa, gari likatambaa, na dakika ishirini zikawa arobaini na tano.

Ndani kulinukia mbao na karatasi. Nguzo zilipanda juu hadi kwenye giza la paa, na kati ya nguzo rafu za vitabu, na kati ya rafu watu waliozungumza kwa kunong'ona. Mama Wadha aliinua uso.

"Hakuna msumari?"

"Hakuna, Mama. Wanasema hata mmoja."

"Nyumba yetu waliivunja kwa asubuhi moja. Walisema wataijenga tena." Akaweka kiganja juu ya nguzo, akakiacha hapo muda mrefu.

Alipokiondoa, mbao ilibaki na alama ya unyevu. Rael aliitazama ile alama. Kiyoyozi kilikuwa kikali kiasi cha watu kuvaa sweta, na bibi huyu alikuwa anatoka jasho.

Alitoa kipimo, akamtoboa kidole. Mbili nukta nane. Chini ya nne ni hatari.

Alisukuma kiti hadi pembeni ambako dada mmoja wa Kichina alikuwa akimimina chai kwenye vikombe vidogo kama vya watoto kuchezea.

"Sukari," Rael alisema kwa Kiingereza. "Tafadhali, sukari, nyingi."

Dada alitabasamu kwa upole. "Chai hii haitiwi sukari."

"Najua. Lakini mnayo? Jikoni?"

"Hatuna jiko. Ni maji ya moto tu."

"Biskuti? Keki?"

Dada alisogeza kisahani. Mbegu za tikiti, zimekaangwa na chumvi.

Rael alimpigia dereva. Tom alikuwa kwenye maegesho ya chini ya ardhi na simu yake haikushika. Mkahawa wa karibu ulikuwa ng'ambo ya uwanja, na mgonjwa wa namna hii haachwi hata hatua kumi.

"Hessa," Mama Wadha alisema ghafla, akimtazama Rael. "Funga mlango. Mbuzi watatoka."

Hessa alikuwa dada yake Mama Wadha, aliyefariki zamani. Huyu mama atafia hapa, Rael aliwaza, kwenye kiti hiki, na nitakuwa ni mimi niliyemuua. Kisha akaiwaza leseni yake, na akajichukia kwa kuiwaza.

"Levis!" alipiga kelele. Nyumba nzima iligeuka. "Levis, kuja!"

Mlinzi alikuja mbio. "Nini mbaya?"

"Sukari imemshuka. Uko na kitu tamu? Soda, switi, chochote!"

"Niko na chai yangu tu, kwa thermos. Lakini ndani hatukubaliwi..."

"Umeweka sukari?"

"Sista, hiyo ni chai ya kusimama masaa kumi na mbili. Ni sukari tupu."

"Leta!"

Alileta chupa iliyobonyea ubavuni, iliyokuwa imefichwa nyuma ya mlango. Dada wa Kichina aliitazama, akatazama kibao cha kukataza vinywaji karibu na vitabu, kisha akaondoa vitabu vyote mezani kwa mkono mmoja na kusogeza kikombe chake kidogo.

"Meza, Mama. Kidogo. Tena."

Mama Wadha alimeza. Akakohoa, na Rael akaacha kupumua mpaka kikohozi kilipotulia. Kikombe cha pili. Cha tatu. Baada ya hapo hakuna dawa ila kungoja robo saa, na Rael alingoja amepiga magoti, akiogopa kwa namna ambayo hakuwahi kuogopa hata kwenye wodi za dharura. Levis alisimama nyuma yake na kifuniko cha chupa mkononi, mlango wake ukiwa hauna mtu.

Nne nukta tano.

"Hii chai ni ya nani?" Mama Wadha aliuliza. "Ni tamu mno."

Levis alicheka peke yake. Tom naye alikuwa amepatikana, akatumwa mkate. Rael alimpigia Jasim simu kabla moyo haujamgeuka.

"Ni kosa langu," alisema. "Nilimchoma akiwa hajala, nikamtoa nyumbani. Alishuka hadi mbili nukta nane. Sasa anaongea."

Jasim akasema: "Usitoke hapo. Ninakuja." Simu ikakatwa. Kwa sauti ile hakuna ambacho mtu angeweza kukisia.

Rael alishika kifundo cha mkono wa Mama Wadha ili ahesabu mapigo, lakini hesabu ikampotea mara mbili. Bibi akauchukua mkono wa Rael taratibu, akaugeuza, akaweka vidole viwili pale pale anapowekewa yeye kila asubuhi. Akainua macho kwenye boriti, midomo ikichezacheza.

"Moyo wako ndio unaokimbia," alisema. "Kaa chini."

Rael aliketi sakafuni. Mama Wadha hakuuachia mkono, akaanza kuhesabu upya, kwa sauti, kuanzia moja.